Adabu ya Jicho

Mtoto wa pwani hufunzwa adabu ya kula kabla hajafunzwa kusoma. Huambiwa anawe mikono, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake, asimkodolee mwenziwe anavyotia tonge, asikitie chakula ila, na asiinuke kabla ya wakubwa kuinuka. Akikosea moja katika hayo hukanywa papo hapo, mbele ya sinia, hata akiwa na njaa. Lakini mtoto huyo huyo hafunzwi sana namna ya kutazama. Akikodoa macho huambiwa asikodoe, na mafunzo huishia hapo. Akishakuwa mtu mzima hata hilo dogo hulisahau, kwa kuwa iko methali ya kumtetea: macho hayana pazia.

Methali hiyo ni ya kweli, ila aghalabu hutumiwa kama udhuru. Inasema kwamba jicho haliwezi kuzuiwa, na kwamba kipitacho mbele yake litakiona. Haisemi kwamba jicho halina hesabu ya kutoa. Tumbo nalo haliwezi kuzuiwa lisione njaa, na bado hakuna aliyewahi kusema kwamba mwenye njaa anaruhusiwa kuingiza mkono katika sinia ya watu bila kunawa. Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: kwa nini kinywa kiwe na adabu saba na jicho lisiwe na hata moja? Na je, zile za kinywa haziwezi kulifaa jicho?

Swali hili huonekana dogo mpaka lipelekwe mahali ambapo jicho na kinywa hufanya kazi pamoja kutwa nzima. Mahali hapo ni matembezi ya siku moja katika mji wa watu.

Ichukuliwe siku moja ya namna hiyo, ambayo wakaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja huiona ikipita mbele ya milango yao mara kwa mara. Watu sita wa ofisi moja ya bara wamevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kuja katika semina. Semina imekwisha, boti ya kurudia ni ya kesho asubuhi, na mchana wote ni wao. Wamo mkuu wa idara, mhasibu, maofisa watatu, na kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Mmoja kwao ni Kigoma, mwingine Tabora, mwingine Moshi, na yumo mmoja mwenye jina la Kiarabu ambaye bibi yake alizaliwa Pemba. Wanamchukua kijana wa kutembeza wageni. Wanaanza Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Wanasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, likanusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, kisha sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Wanakwenda Mkunazini, wanapita Darajani penye soko lililofunguliwa mwaka 1904, wanakunywa kahawa barazani, na magharibi ikiingia wanarudi Forodhani kula.

Katika siku hiyo hapana sheria iliyovunjwa. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na urithi wa dunia haufungiwi mlango. Hata hivyo, mwenyeji anayeliona kundi hilo likipita huweza kuingiwa na uchungu asioweza kuueleza, na mgeni naye huweza kurudi alikofikia akiwa na uzito asiojua umetoka wapi. Yumkini wote wawili wamehisi jambo moja, kwamba kuna kitu kimeliwa bila ya kunawa.

Wapo wanaosema kosa liko katika ufupi wa siku. Mtu hawezi, husema, kuujua mji kwa kutwa moja, na kwa hiyo matembezi ya haraka ni kujidanganya. Hoja hii ina ukweli wake lakini haitoshi. Ibn Battuta alipopita katika mwambao huu mwaka 1331, Mombasa alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea hadi Kilwa. Machache aliyoyasimulia juu ya Mombasa yangali yakitajwa hadi leo: watu washika dini, misikiti ya mbao, visima mlangoni mwa misikiti ambapo mtu huteka maji na kuosha miguu kabla ya kuingia, na chakula cha ndizi na samaki. Alikieleza kilichokuwa mbele yake. Mogadishu alikaa siku kadhaa, akapokewa kwa heshima kubwa, akaletewa wali wa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na ndimu za kutiwa chumvi, na tangawizi, na maembe. Kisha akaandika kwamba mtu mmoja wa huko hula chakula cha kundi zima. Usiku mmoja ulimtosha kusema kweli kwa staha, na siku kadhaa hazikumzuia kuhesabu matonge ya watu waliomlisha. Kwa hiyo muda peke yake haumpi mtu adabu, na uchache wake haumnyimi.

Adabu ya kwanza ya mlo ni kunawa. Anayenawa hakiri kwamba mkono wake ni mwovu. Anakiri tu kwamba umetoka mahali, na kwamba ulikotoka umeshika vitu visivyopaswa kuingia katika sinia. Jicho nalo huja na vumbi la safari. Mtu wa bara huvuka bahari akiwa na Zanzibar aliyokwisha kuisikia: ya majini na manukato, ya watu wa polepole, ya usingizi wa mchana. Mwenyeji naye humsubiri akiwa na hadithi zake juu ya watu wa bara, kwamba hawana staha, kwamba wakija huja kuchukua. Mgeni ambaye hakunawa hukuta maduka mengi ya Mji Mkongwe yamefungwa mchana, akawageukia wenzake na kusema, "Ndiyo maana." Hakuuliza. Angeuliza angeambiwa kwamba mwenye duka amekwenda kuswali na kula na watu wa nyumbani kwake, na kwamba duka hilo hilo litakuwa wazi usiku, saa ambazo huko atokako mgeni maduka yamekwisha kufungwa. Akija katika mwezi wa Ramadhani atakuta migahawa imefungwa, ataona mji umekufa. Mwenye subira atauona ukifufuka baada ya futari na tarawehe, watoto barabarani, vikombe vya kahawa vikigongwa, na maongezi hadi karibu ya daku. Aliyenawa na asiyenawa wamepita katika vichochoro vile vile. Mmoja amerudi na kile alichokuja nacho.

Adabu ya kula kilicho mbele yako ni ngumu zaidi, na ugumu wake hujulikana Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia saini chini ya shinikizo la Waingereza. Mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa mahali pale pale, wakiongozwa na Edward Steere, yule yule aliyekusanya na kuchapisha ngano za Waswahili. Kufungwa kwa soko hakukuumaliza utumwa wenyewe: hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Nje ya kanisa mna shimo ambamo zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Uswidi, Clara Sörnäs. Chini ya jengo la jirani mna vyumba vya giza, vya dari ya chini, ambavyo wageni wamekuwa wakiambiwa kwamba ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kunadiwa. Wapo wanahistoria waliolipinga hilo, kwa hoja kwamba jengo hilo lilijengwa na wamisionari wenyewe baada ya soko kufungwa.

Mahali kama hapo watu sita wa ofisi moja hawasimami kama watu sita tu. Kila mmoja ana upande wake wa sinia. Njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika baharini Bagamoyo. Huenda babu wa yule wa Kigoma aliletwa kwa njia hiyo, na huenda babu mwingine wa mtu huyo huyo alibeba bunduki ya kuwaletea wengine. Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingalipo Shangani, hakufika Manyema na jeshi la Waarabu watupu. Wanyamwezi walikuwamo katika misafara yake, na Wamanyema wenyewe wakaja kuwamo. Bibi wa yule mwenye jina la Kiarabu alizaliwa Pemba, kisiwa ambacho katika karne ya 19 kilijaa mikarafuu iliyopandwa na kuchumwa na watumwa. Familia nyingi za visiwani zina bwana na mtumwa katika ukoo mmoja, na mara nyingine katika ndoa moja. Hakuna basi aliyesimama kwenye shimo lile bila kuwa na kitu mbele yake.

Kosa hutokea mkono unapovuka. Mmoja humgeukia mwenziwe mwenye jina la Kiarabu na kusema kwa kicheko, "Haya ndiyo mliyotufanyia." Wengine hucheka kwa kuwa mkuu wa idara amecheka. Aliyeambiwa naye hucheka, kwa kuwa Jumatatu wote watakuwa katika chumba kimoja cha kazi na hataki kuonekana mtu wa kinyongo. Limechukua nukta moja tu, na kwa jinsi lilivyosemwa kwa mzaha halina hata mahali pa kujibiwa. Wa pili, aliyepata kusikia kwamba vyumba vile vina shaka, huona hapo mlango wa kutokea, akasema kwamba basi habari yote ni uzushi wa Wazungu. Huyo hakuvusha mkono, huyo amepindua sinia. Shaka juu ya vyumba haiwezi kuliondoa soko. Watu waliuzwa pale kama kulikuwa na vyumba au hakukuwa navyo. Na mtembeza wageni anayekitaja chumba kwa uhakika asionao, kwa kudhani kwamba bila giza lile mgeni hatasikitika vya kutosha, naye amelitia shaka bure jambo lililokuwa na ushahidi wake.

Adabu ya mlo inawapa wote watatu neno la kuwafaa, nalo ni "nimeambiwa". Ni neno safi. Lakini "nimeona" ni la kile tu kilichokuwa mbele ya macho: kanisa, shimo, sanamu, vyumba viwili vya giza. Mwenye kuyatenganisha maneno hayo mawili anaweza kusimama Mkunazini na kuingiwa na huzuni ya kweli bila kumdhulumu mtu. Tena atakuwa na nafasi ya kuuliza swali ambalo ni lake hasa, yaani nyumbani kwao yeye ni nani alinunua, ni nani aliuzwa, na kwa nini hakuna anayelitaja.

Adabu nyingine, ile ya kutomkodolea mwenzio anavyotia tonge, imewekwa kwa sababu mtu anapokula huwa amejiachia. Kinywa ki wazi, mkono umepakaa mchuzi, na hana namna ya kujipanga. Mji nao hujiachia. Pale Kona ya Jaws wazee hukaa na vikombe vya kahawa chungu, wakacheza dhumna na kubishana siasa za dunia nzima. Mwanamke hufungua mlango kumwaga maji, mtoto hulia kizingitini, nguo huanikwa roshani. Mgeni huinua simu yake na kupiga picha. Akiulizwa atasema kwamba ni barabara ya watu wote, na macho hayana pazia. Ni kweli macho hayana. Nyumba ndizo zenye pazia, na zimewekewa pazia kwa ajili ya macho hayo. Mtu akiulizwa kwanza, "Sheikh, naweza kupiga picha?" anaweza kukataa, na hapo mgeni amepoteza picha. Lakini anaweza pia kusogea barazani na kusema, "Karibu, kaa, kunywa kahawa kwanza." Picha iliyoibiwa haijawahi kumkaribisha mtu kahawa.

Kuhusu kutotia chakula ila, kinachohitaji kuelezwa ni kimoja tu. Watu hudhani kwamba kinyume cha kulaumu ni kusifu. Wageni hufika mbele ya bakuli la urojo, lenye bhajia, viazi, kachori, chatini, na ule uji wa manjano wenye ndimu na embe bichi, wakaanza kulisifu kabla hawajalionja. Sifa ya namna hiyo haina tofauti kubwa na lawama, kwa sababu yote mawili yanamweka msemaji juu na bakuli chini yake. Adabu ni kukila chakula. Kama hukipendi, unaacha kimya. Ukikipenda, unaomba kingine, na muuzaji ataelewa.

Hapa ndipo penye pingamizi kubwa. Mtu anaweza kusema kwamba ulinganisho huu wote umejengwa juu ya sinia ya nyumbani, ambapo mgeni hulishwa bure, ilhali Forodhani chakula kinauzwa. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na usiku meza zake hujaa pweza, ngisi, mishkaki, mikate ya ufuta, juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi, na ile waiitayo pizza ya Zanzibar, unga uliotandazwa na kukunjiwa nyama, yai na vitunguu. Kila kimoja kina bei, na bei yenyewe hupanda inapoona begi la mgeni. Aliyelipa, husema mpingaji, hana deni. Ana haki ya kutazama, ya kulaumu, na ya kuondoka.

Pingamizi hili linastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba mwenye kulipa amemaliza deni la mishkaki, na muuzaji anayempandishia mgeni bei naye amevunja adabu yake mwenyewe, kwa sababu ameona begi kabla ya kuona mtu. Lakini fedha ile imelipia nyama, mkaa na jasho la anayepepea jiko. Haikulipia upepo wa bahari, wala ukuta wa Ngome, wala ukimya wa watu waliowaachia wageni bustani yao jioni hiyo, wala lugha ambayo kwayo muuzaji anawatania wageni na kuwafanya wacheke. Hivyo havikupangwa mezani kwa sababu haviuziki. Mgeni amevila bure kama angekula nyumbani kwa mtu, na kwa hivyo ni mgeni kweli, hata akiwa na risiti mfukoni.

Lakini liko pingamizi zito zaidi, na mara nyingi hulibeba mtu mmoja tu kati ya sita, kimya kimya. Yawezekanaje mtu kusimama penye shimo la Mkunazini saa nane za mchana, na saa moja za usiku awe anachagua baina ya pweza na ngisi? Je, si afadhali kuacha kimojawapo, asitazame au asile?

Desturi ya pwani inalo jibu, na ni la zamani. Msibani watu hula. Wali hupikwa kwenye matanga, na siku ya hitima pilau hupakuliwa katika masinia, na aliyefiwa huhimizwa atie tonge. Hakuna anayesema kwamba chakula kile kimemtusi marehemu, maana watu wamekusanyika kwa ajili yake, jina lake limetajwa, na dua imesomwa kabla ya sinia kufika. Kula baada ya huzuni hakujawa kosa popote katika mwambao huu. Kinachochukiza ni kula kana kwamba hakukuwa na msiba, kwa watu kuanza kushindana mishkaki na kusahau walikotoka saa tano zilizopita. Na kwa hakika mlo wenyewe hauwaachi wasahau, kama wanaujua. Muhogo na pilipili vililetwa na Wareno kutoka Amerika. Karafuu iliyomo ndani ya pilau ndiyo iliyoutajirisha mji huu na kuijenga sehemu kubwa ya majumba waliyoyatazama asubuhi, na ndiyo iliyoyataka mashamba, na mashamba ndiyo yaliyowataka watumwa. Aliyedhani kwamba amekwenda Mkunazini mchana na Forodhani jioni, mahali pawili mbalimbali, hakujua kwamba ameionja habari moja mara mbili. Kuila karafuu hiyo kwa kujua ni namna ya kukumbuka. Kuisusa hakumwondolei minyororo mtu yeyote.

Yamebaki ya wenyewe kwa wenyewe, maana kundi hili si familia wala si marafiki waliochaguana. Ni watu wa kazi, waliokusanywa na mshahara. Waswahili wamesema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na methali hiyo inawatosha watu wengi kama onyo dhidi ya urafiki wa mezani. Lakini hata asiyekufa nawe ana haki zake wakati wa kula. Katika kundi la watu sita yumo ambaye posho yake amekwisha kuipangia ada ya mtoto au dawa za mzazi. Anasema hana njaa, anaagiza juisi na kachori mbili. Mwisho wa usiku mwenye kipato kikubwa anasema kwa ukarimu wa sauti, "Haya, tugawane sawasawa." Hesabu ni ya haki kwa kalamu, na ni dhuluma kwa aliyekunywa juisi. Naye hatasema kitu, kama vile mwenye jina la Kiarabu hakusema kitu Mkunazini. Watu hawa wawili wamenyamazishwa na jambo moja, yaani hofu ya kuwaharibia wenzao siku. Mkubwa mwenye adabu huiona juisi ile bila kuitazama. Hulipa mapema, au husema kila mtu alipie alichokula, na hilo hulisema kabla ya kuagiza, wakati bado mtu anaweza kuchagua kwa heshima yake.

Na yuko wa saba. Kijana wa kutembeza wageni amekuwa nao tangu saa tatu asubuhi. Amewaambia tarehe, amewavusha vichochoro, amewashikia mikoba walipopiga picha. Wageni wanapokaa kula yeye husimama kando, karibu na ukuta wa bahari, akitazama simu yake, maana kazi yake ilikuwa ni macho yao, si matumbo yao. Katika mila za hapa mtu hali mbele ya mwingine bila ya kumwambia karibu, hata kama ni mpita njia, hata kama anajua kwamba huyo atajibu "starehe" na kupita zake. Neno lile halimgharimu mtu tonge moja. Kama wale sita hawakulitamka, basi mafunzo yote ya siku hiyo, ya Barghash na Steere na mwaka 1873, yaliingia katika macho yao na hayakwenda mbali zaidi. Waliambiwa habari za watu waliohesabiwa kuwa vyombo, na mbele yao akasimama mtu ambaye walimtumia kutwa kisha wakamsahau.

Mlo ukiisha watu hushukuru. Shukrani ya tumbo ni neno moja, nayo inajulikana. Shukrani ya jicho haijapewa jina, lakini haiwezi kuwa nyingine ila ushahidi. Msafiri atarudi kwao, na watu watamuuliza habari za huko. Anaweza kuwapa Zanzibar ile ile aliyokwenda nayo, iliyopambwa sasa kwa picha. Au anaweza kusema: hiki nilikiona, kile niliambiwa, na lile sikupata wakati wa kuuliza. Wasikilizaji wake watapata habari fupi zaidi na pengine isiyochekesha. Lakini kati yao yumo mmoja ambaye siku yake ya kuvuka nayo itafika, na huyo atashuka botini akiwa amekwisha kunawa.